Jibu la Mama Kahiga

Jepkorir, mhudumu wa dharura, hakuwa mtu wa kubembeleza. Omolo, dereva wake wa ambulensi, alimtania kwamba hata mgonjwa mahututi humwitikia haraka kwa kuogopa kugombezwa. Walikuwa wamezunguka Nakuru pamoja miaka mingi, wakigawana chapati na habari za nyumbani: watoto wa Omolo, mama yake Jepkorir kule Elburgon, na kakake Kipsang aliyekuwa kazini Qatar.

Jumapili moja waliitwa mtaa wa Kaptembwo. Ibada zilikuwa zimekwisha, na ploti ya nyumba za kupanga ilijaa watu wenye nguo za kanisani wakimtazama Kahiga, fundi wa mawe. Alilala kifudifudi, amefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, akinguruma na kujigonga kichwa sakafuni. Hakuna aliyemchukia. Ndivyo watu wetu walivyo wakiogopa: kamba kwanza, maombi pili, ambulensi mwisho.

"Fungueni hiyo kamba! Akilala hivyo atakosa pumzi!" Jepkorir akafoka. Wakamgeuza ubavu, wanaume wanne wakimshika. "Mathe, kuna dawa yoyote amekunywa leo?"

Mama Kahiga akawatazama majirani. Miaka yote alikuwa akiwaambia mwanawe anasumbuliwa na malaria tu.

"Hakuna, daktari. Hata chai amekataa."

Jepkorir akamdunga sindano ya kutuliza pajani. Punde Kahiga akalegea, watu wakasema amina, wakambeba hadi kwenye gari, mama yake akapanda naye.

Walipokuwa wakipita mtaa wa Rhonda, Kahiga alikuwa ametulia kupita kiasi. Jepkorir aliweka kiganja karibu na pua yake, akasubiri, akasubiri tena. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Akamfunika pua na mdomo kwa mpira wa kusukuma hewa, akaanza kuubinya.

"Mathe! Huyu amekunywa nini?"

Hapo, mlango umefungwa na hakuna jirani wa kusikia, mama akatoa kifuani karatasi ya vidonge, tupu.

"Zile za kliniki ya akili, za kumtuliza. Nilisaga zote nikaweka kwa uji, nikiona ameanza. Ningesema aje mbele ya watu wa kanisa?"

Jepkorir alishikwa na woga ambao hakuwa ameuonja tangu aanze kazi. Alibinya mpira mpaka vidole vikafa ganzi, hadi madaktari walipompokea mgonjwa. Baadaye wakaambiwa anapumua mwenyewe, ila hajaamka, na hakuna aliyejua akiamka atakuwaje.

Omolo alichukua ndoo akaanza kuosha gari. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," alinung'unika. "Sasa aibu gani hiyo ya kumaliza mtoto wako? Mimi ningesema tu."

Jepkorir aliketi mlangoni mwa gari. Alitaka kumlaani yule mama, lakini hasira ilikataa kuja.

"Omolo," akasema. "Kipsang hayuko Qatar."

Omolo akaacha kuosha.

"Hajawahi kwenda. Yuko Elburgon kwa mama. Tunamfungia ndani wageni wakija."