Shimo la Kumi na Nane

Mwezi uliopita nilipita Mpanda mjini na simu iliyopasuka kioo, nikakaa kwenye benchi la fundi mmoja karibu na stendi. Wakati anahangaika nayo, macho yangu yalitua kwenye ndoo yake ya makorokoro: chaja zilizokatika, redio bila mgongo, na katikati yake gemu ndogo ya njano, ukubwa wa kipande cha sabuni. Niliijua kabla sijaigusa. Haikuwa ile yetu, maana ile yetu tuliizika, lakini zilifanana kila kitu.

Wewe uliyekulia huku utakumbuka Inyonga inavyonukia masika: tumbaku inayokauka, moshi wa kuni zenye unyevu, nta ya nyuki. Mimi na dada yangu tulilelewa na bibi. Tukitoka shule tulikuwa na zamu ya kuchochea moto wa bani, ile nyumba ndefu isiyo na madirisha ambamo majani ya tumbaku huning'inizwa kwenye fito mpaka yageuke rangi. Moto haukutakiwa kupungua wala kuzidi. Bibi aliupima kwa kuweka kiganja ukutani, akasema tu ongeza, au acha.

Gemu ililetwa na mjomba, dereva wa lori, kutoka Kigoma. Maandishi yake yalikuwa ya vijiti vijiti ambavyo hata mwalimu wetu hakuvijua. Kioo hakikuwa na rangi, kila kitu cheusi juu ya kijivu. Kulikuwa na mtu mfupi mwenye fimbo na kichwa cha duara kama chungu. Alipiga kampira, nako kakaenda taratibu mno, kakiyumba, mpaka shimoni. Kisha shimo jingine. Mashimo yalikuwa kumi na nane; namba ndizo pekee tulizoweza kusoma.

Mwalimu alitueleza kwamba mchezo huo ni gofu, na wenyewe huuchezea kwenye uwanja mpana wa majani yaliyokatwa vizuri. Bibi aliposikia aliuliza: eneo lote hilo, hawalimi kitu?

Lakini sisi hatukuona majani. Tuliona mrina asali. Nani mwingine angefunika kichwa namna ile? Vidoadoa vilivyopanda kutoka kichwani kwake vilikuwa nyuki, vile vyeusi vilivyopita juu yake ndege, na nyuzi zilizoyumba pembeni ni miti ya miombo kwenye upepo. Watoto wa jirani walikubali wote. Tulimpa hata ushauri, asogee upande wa moshi.

Bibi hakuitazama hadi siku moja mvua ilipotufungia jikoni. Alikuwa anachambua dagaa. Aliwapika kila wiki na yeye mwenyewe hakuwala. Tulidhani hapendi harufu. Aliinama juu ya bega langu, akatazama muda mrefu.

"Hawa si nyuki, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa mabibi. "Ni mapovu. Huyu anapumua. Yuko chini ya maji."

Siku hiyo ndipo tulipojua kwamba bibi, aliyezaliwa Karema kando ya Ziwa Tanganyika, aliwahi kuwa na kaka. Alisimulia bila kupandisha sauti, mikono ikiendelea na dagaa. Kaka yake aliondoka na mtumbwi wa mihogo kwenda kijiji cha pili. Mtumbwi ulisukumwa na mawimbi ukarudi, yeye hakurudi. Walikaa msiba bila mwili, na hakuna kaburi hadi leo. Kisha akauliza jambo ambalo lilitukaa kichwani masika yale yote: huyu mtu, mwisho wake anatoka?

Tukaanza kucheza kwa ajili yake. Kadiri mashimo yalivyosonga, mistari ya mwanga ilizidi kutokea juu ya kioo, na bibi akasema ni jua linaloingia majini, basi anapanda. Kufikia wakati huo kifua kilikuwa kimembana, alishinda kitandani, na kila tukirudi kutoka bani swali lilikuwa hilo hilo. Tulimaliza shimo la kumi na saba. Hapo betri zikafa.

Unajua tulivyokuwa tukifanya. Betri ikichoka unaing'ata. Ikikataa unaianika, inapata nguvu ya siku mbili. Lakini jua halikuwa limeonekana wiki nzima, barabara ilikuwa imekatika, na dukani betri zilikuwa zimekwisha. Dada akafikiria bani. Kama joto lake linakausha tumbaku, litashindwaje betri? Tukazilaza juu ya bomba la moto, tukaenda kuchota maji. Tuliporudi zilikuwa zimevimba, zinavuja maji ya kahawia. Dada alizifuta kwa kitenge, akazirudisha. Mtu wetu alitokea mbele ya shimo la mwisho, akainua fimbo, kioo kikazima. Hakikuwaka tena.

Dada alibaki ameegemea ukuta wa bani, analia. Niliyeingia kwa bibi ni mimi.

"Ametoka?" aliuliza.

"Ametoka, bibi."

"Amelowa?"

"Amelowa. Amekaa juu ya jiwe, jua linamkausha."

Jioni ile dada alipompelekea ugali, bibi aliomba na dagaa. Alikula polepole, akivipanga vichwa pembeni ya sahani. Alipona, akaishi masika mengine machache, na hakuuliza tena. Gemu tuliizika nyuma ya bani.

Siku hizi kazi yangu ni kuandika habari, na nimefundishwa kuuliza mara mbili kabla ya kuandika. Neno lile nililomwambia bibi, kwamba ametoka, sikuwahi kulihakikisha. Kwa hiyo fundi aliposema gemu yake inawaka, nilimwomba betri mbili, nikacheza pale benchini hadi alasiri. Simu yangu ilikuwa imekwisha kutengenezwa zamani. Akanitania kwamba nimehamia kwake.

Kampira kakaingia shimo la kumi na nane. Mtu akashusha fimbo. Namba zikapita, kioo kikawa kitupu, kisha akatokea tena shimo la kwanza, kule kwenye giza, mapovu yakipanda kichwani.

Bani limeanguka, mahali pake pamelimwa mahindi. Bibi hayupo, na dada, ambaye angeelewa, tulimzika mwaka juzi.

"Vipi, dada," fundi aliuliza bila kuinua kichwa, "umeshinda?"

"Ametoka," nilimwambia.

Aliitazama gemu, akanitazama mimi, akarudi kwenye kazi yake. Nikaizima, nikairudisha kwenye ndoo taratibu, kioo kikitazama juu.