Ulezi wa Juu ya Mafiga

Siku ile ya kipupwe naikumbuka vizuri, mwanangu, maana usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala kwa furaha. Nilikuwa na miezi miwili tu tangu niolewe hapa Susuni, na mama mkwe alikuwa ameniruhusu kwenda sokoni peke yangu kwa mara ya kwanza. Aliniambia nichukue ulezi wa kwenye kikapu cha mlangoni, kisha akaenda kukamua ng'ombe.

Nikautazama ule ulezi, umejaa vumbi na makapi. Nikainua macho. Juu ya mafiga kilining'inia kikapu kingine cha masuke makavu, mekundu, yaliyokolea moshi. Kwetu mama alihifadhi mbegu chunguni, kwa hiyo wazo la mbegu halikunijia kabisa. Nikasema moyoni, kizuri chajiuza. Nikayashusha, nikayapura harakaharaka, nikaondoka na umande.

Soko lilikuwa limefurika! Baridi ilikuwa kali hata pumzi zinaonekana, lakini nani alijali? Ng'ombe wanalia, wanawake wa Kijaluo wanaita wateja kwenye samaki wakavu, vijana wanajaribu kofia wasizoweza kununua, na mimi nacheka ovyo. Ulezi wangu uligombaniwa. Nikanunua chumvi, samaki, na blanketi jekundu zito, nikapanda kilima nikiimba.

Jioni tulikula ugali karibu na moto, mimi na mama mkwe tumejifunika blanketi hilohilo, nikimsimulia soko mpaka akacheka machozi yakamtoka. Kisha akainuka kuongeza kuni, akatazama juu.

"Mkwe wangu, ulezi wa hapa uko wapi?"

"Nimeuuza, mama."

Akakaa taratibu. "Ile ilikuwa mbegu yetu yote. Mvua zikija tutapanda nini?"

Nikalia, nikasema nitarudisha blanketi. "Blanketi halioti," akajibu, bila ukali. "Kesho utapita nyumba kwa nyumba. Utalitaja kosa lako kwa kinywa chako na kuomba mbegu. Mimi sitakusindikiza."

Aibu ile, mwanangu, usiombe ikukute. Nyumba ya kwanza walinicheka, ila walinipa kiganja kimoja. Ya pili vilevile. Mwisho nikafika kwa bibi mmoja mkali niliyeogopa hata kumwamkia. Nilisema shikamoo, nikaeleza yote. Akanimiminia viganja viwili vilivyojaa.

"Mimi wa kwangu niliupika," akasema, "mwaka ule nilioolewa."

Basi nisikilize. Ukiingia nyumba ya watu, uliza hata unalodhani unalijua. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, usijifungie ndani na aibu yako. Itoe nje uiseme, kwani wengi wana ya kwao na hawajapata wa kumwambia. Mungu akujalie mvua kwa wakati wake, na majirani unaoweza kuwapigia hodi hata siku uliyoharibu.