Elfu Tisini na Sita, Mia Nne

Nambari iliyokaa zaidi ya miaka minne juu kabisa ya ukuta wa wifi yangu pale Kitale ilikuwa yangu, na ilikuwa ya uongo. Elfu tisini na sita, mia nne. Aliyeiandika kwa chaki ni yeye mwenyewe, na aliyemdanganya ni mimi. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kila muhula nawafundisha watoto wa gredi ya nne, huku Bungoma, kwamba sita ikitangulia tisa si sawa na tisa ikitangulia sita. Kwa hivyo sina hata kisingizio cha kusema sikujua nilichofanya.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni fundi wa redio na televisheni. Duka lake liko nyuma ya soko, na ndani kabisa, baada ya rafu za televisheni zilizofunuliwa matumbo, ndiko ilikokaa ile mashine ya gemu. Ilitoka kwa klabu moja iliyofungwa Moi's Bridge. Mwenyewe aliileta itengenezwe, akasema atarudi Jumatatu, na mpaka leo hajaonekana. Ni kabati refu kama friji, lenye skrini, mpini mmoja na kitufe kimoja. Wifi aliifufua. Mpini uliletwa kutoka Uganda kupitia mpaka wa Suam, kitufe akakitoa kwenye blenda iliyokufa, na pale pa kutumbukiza sarafu akapaziba kwa bati. Ukitaka kucheza unabonyeza swichi ya pembeni, basi. Jina la gemu lilishabanduka. Chini kuna kigari kinachopiga risasi, juu wanashuka wadudu wa kijani safu kwa safu, na kwa sababu huku kila mtu analima mahindi, wateja wote waliwaita viwavi.

Mashine ile ilikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata wifi alishindwa kuutibu: haikumbuki chochote. Stima ikipotea, pointi zote zimekwenda. Na Kitale mvua ikinyesha kidogo tu stima inapotea. Ndiyo maana wifi alipaka ukuta mmoja rangi nyeusi, akawa anaandika alama za juu kwa chaki, bila majina, kila mtu anajua yake. Kanuni ilikuwa moja. Stima ikipotea ukiwa unacheza, unasema mwenyewe umefika ngapi, na wifi anaandika. Haombi shahidi. Kuna mteja aliwahi kumwambia watu watamdanganya. Akamjibu, "Mtu akinidanganyia viwavi, huyo ana shida kubwa kuliko yangu."

Siku yenyewe nilikuwa na miezi mitatu tu tangu niolewe. Tulikuwa tumekula mchana kwa mama mkwe, na ugali nilikuwa nimepika mimi. Nimezaliwa Sirisia, nasonga ugali tangu nikiwa na miaka minane, lakini siku hiyo maji yakanizidi. Wifi alichota tonge, akaliinua, likaning'inia. "Mwalimu," akasema mbele ya watu wote, "hii ni ya kukula ama ya kukunywa?" Walicheka. Mama mkwe alicheka. Mume wangu naye alicheka, na huyo nilimshughulikia baadaye. Mimi nilicheka kwa meno tu. Nina hasira za karibu, najijua, na nilikula ule ugali wangu nikiwa nimenuna ndani kwa ndani.

Baada ya chakula wifi alinipeleka dukani. Nilikuwa nimecheza mara kadhaa, na sijawahi kupita elfu arobaini. Wakati huo alama ya juu ilikuwa yake, elfu themanini na moja na mia mbili. Alinionyesha ukutani, akaigonga ile nambari mara mbili kwa chaki kama mtu anayegonga mlango. Mteja akaingia na televisheni, wifi akaenda mbele kumhudumia, akaniacha na mashine.

Sijawahi kucheza vile. Kila kiwavi kilikuwa na sura ya mtu aliyecheka mezani. Elfu hamsini, sitini, sitini na tano. Nilifika elfu sitini na tisa na mia nne, na stima ikapotea.

"Ulifika ngapi?" wifi akauliza akiwa kule mbele.

Nikasikia sauti yangu ikisema elfu tisini na sita, mia nne. Nilibadilisha tarakimu mbili pahali, basi. Alikuja, akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, na kwa mara ya kwanza tangu niingie kwenye familia ile aliniangalia kwa heshima. "Wewe mtoto wa Sirisia," akasema polepole. Akafuta yake, akaandika yangu juu. Ningesema hapo hapo kwamba natania, yangeisha. Sikusema, kwa sababu ile heshima niliipenda.

Kutoka hapo tukawa marafiki, na hilo ndilo lililonifunga. Mtu usiyempenda unaweza kumwambia ukweli ukaenda zako. Wifi alianza kunitumia ujumbe kwa simu. "83. Nakuja." Baada ya mwezi, "86. Jipange." Alicheza saa za chakula, alicheza asubuhi kabla ya kufungua mlango. Mume wangu aliniona nikisoma ujumbe na kukunja uso, akauliza kuna nini, nikamwambia ni viwavi. Akacheka. Nilikuwa nimewaza kumwambia yeye kwanza, lakini ni dada yake, na nilijua atampigia kabla sijamaliza sentensi.

Mwaka wa tatu alama zikaanza kushuka. "79. Sijui kwa nini." Halafu "74". Akaniambia kwa simu kwamba viwavi vya upande wa kushoto vinamshtukiza, vinatokea vikiwa vimeshashuka nusu. Alidhani skrini ina shida, akaifungua mara mbili, akakuta nzima. Akaamua ni uvivu wake, akaongeza mazoezi. Ni mteja mmoja nesi aliyemwona akigonga bega kwenye mlango ule ule mara tatu, akamwambia aende akapimwe macho.

Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaenda kwa sehemu kubwa, la kulia lilikuwa linafinywa kutoka pembeni. Dawa za matone zingepunguza mwendo, zisingerudisha kilichopotea. Nilimuuliza kama ni gemu iliyofanya hivyo. "Daktari amesema hapana, ni ya ukoo," akajibu. Nilishukuru Mungu, halafu nikaona aibu kwa kushukuru.

Halafu akasema, "Njoo Jumamosi, mwalimu. Nataka nikupite ukiwa umesimama hapo, kabla hili jicho lililobaki halijafunga."

Nilikwenda. Alikuwa amefunga mlango nusu ili wateja wasimsumbue. Alikaa kwenye kigoda, akageuza kichwa kushoto kidogo, ile njia aliyokuwa ameigundua ya kuvipata viwavi vya upande ule kwa jicho la kulia. Mimi nilisimama nyuma yake. Ile nambari ilikuwa ukutani, nyuma ya bega langu, na nakwambia niliisikia mgongoni kama mtu aliyesimama.

Hakuna siku nimeombea mtu ashinde kama siku ile. Akipita elfu tisini na sita na mia nne, uongo wangu unakufa, hakuna anayejua, tunakwenda kunywa chai. Alifika themanini akiwa na maisha yote matatu unayopewa na gemu. Alifika themanini na saba, akapoteza moja, kushoto. Tisini. Jasho lilikuwa linanishuka ubavuni. Tisini na mbili, akapoteza la pili, kushoto tena. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda huku na huku kama cha kuku. Tisini na tatu na mia saba. Kiwavi kimoja kikashuka pembeni kabisa, nilikiona, nilitaka kupiga kelele, yeye hakukiona mpaka kilipogusa kigari.

Wifi aliinuka, akageuka, akanipa mkono. "Umenishinda, mwalimu. Kusema kweli umenishinda."

Ule mkono ndio ulionivunja. Angenitukana ningenyamaza.

"Nilifika sitini na tisa," nikasema.

"Nini?"

"Ile siku. Elfu sitini na tisa, mia nne. Tisini na sita sikuifikia. Nilikudanganya."

Mlangoni mtu alibisha, mzee mmoja na redio yake. Wifi akaenda, akaipokea, akaitingisha sikioni, akamwambia ni betri zimemwaga maji, arudi kesho. Yote hayo kwa sauti yake ya kawaida. Aliporudi alikaa kwenye kigoda.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne nafukuzana na hewa."

Nilianza kulia. Nikachukua kitambaa chake cha kufutia skrini, nikaenda ukutani.

"Usiguse ukuta wangu," akasema.

"Wifi, wewe ndiye wa juu. Tisini na tatu na mia saba. Wacha nifute hii."

"Ati niwe wa juu kwa kupewa?" Hapo ndipo sauti ilipopanda. "Mimi nilikuwa natafuta tisini na sita, sikuipata. Hiyo nambari ni yako, uliitaka. Utakuja hapa kila Jumamosi, utakaa hapa, na utaicheza mpaka uifikie. Mpaka siku hiyo sifuti kitu na siandiki kitu."

Nimekwenda Jumamosi nyingi. Nasahihisha madaftari Ijumaa jioni, asubuhi naondoka Bungoma, saa nne niko kwenye kigoda. Miezi ya kwanza hakuniongelesha zaidi ya salamu, na chai aliniletea bila kunitazama. Mimi nami, na hasira zangu, kuna siku nilitaka kuipiga teke ile mashine na kumwambia mimi si mtumwa wake. Nilipata hamsini na nane. Nilipata sabini na moja, na hapo angalau nikawa nimepita ile sitini na tisa yangu ya kweli. Nilipata themanini na tano, akasema, "Unakimbilia katikati. Anza pembeni." Ndiyo mara ya kwanza alinifundisha. Kufikia hapo alikuwa ameacha kucheza. Alikuwa akikaa kando yangu na redio mapajani, anaifungua kwa vidole, na mlio wa mashine ulipobadilika alijua niko raundi gani. Chaki ya ukutani alikuwa haioni tena. Aliniuliza siku moja kama bado ipo, nikamwambia ipo.

Ile Jumamosi kulikuwa na mvua. Wateja hawakuja. Tulikuwa sisi wawili tu, na bati la paa lilipigwa mpaka akawa anainama ili asikie gemu. Nilipita tisini nikiwa na maisha mawili. Tisini na tatu na mia saba, yake, niliipita nikimeza mate. Tisini na tano, nikapoteza moja. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alikuwa ameinuka, ameshika chaki, nilimwona kwa pembe ya jicho. Sijui alijuaje. Tisini na sita kamili. Tisini na sita na mia moja. Kilikuwa kimebaki kisafu kimoja cha viwavi, cha kijinga kabisa, ambacho mtoto angekipiga.

Stima ikapotea.

Duka likawa na ule mwanga wa kijivu wa mvua. Skrini ilinionyesha uso wangu.

"Ulifika ngapi?" wifi akauliza.

Mia tatu tu. Hapakuwa na mtu mwingine, na yeye hakuona. Na alikuwa anaitaka, hilo ndilo lililoniuma, alikuwa amesimama na chaki mkononi na uso wake wote ukitaka mambo haya yaishe, kama mimi. Ningesema mia tano ingekuwa zawadi kwetu sote. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Tisini na sita na mia moja," nikasema. "Haijafika."

Mvua iliendelea. Wifi akanyoosha mkono, akanipa chaki. Miaka yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika kwenye ukuta ule.

"Futa ile," akasema. "Andika ya leo. Chini yake andika yangu."

Nilifuta kwa mkono wa sweta yangu. Nikaandika 96,100. Chini yake nikaandika 93,700. Alikuja, akaweka kiganja ukutani, karibu na pale aliposikia chaki ikiandika nambari lakini si juu yake, asije akazifuta.

"Umeandika sawa?"

"Nimeandika sawa."

Hakuniuliza mara ya pili.