Kaktasi ya Nyamitanga

Mwanangu, kuna siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa bado binti. Nilikuwa nimekimbia vita kule Kivu peke yangu, nikakaa muda mfupi Misiera, kwenye makazi ya wakimbizi huku Uganda, kisha nikapata kazi mjini Mbarara, upande wa Nyamitanga, kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyefiwa na mke. Nilimpikia na kumfulia. Nyumba ilikuwa kimya mno. Wiki nzima ingepita sijasikia mtu akiniita kwa jina langu.

Sebuleni, penye dirisha la jua, kulikuwa na kaktasi ya mviringo, nene kama pipa dogo, miiba imejipanga mistari mistari. Marehemu mkewe aliipanda ikiwa ndogo kama limau. Kila asubuhi Mzee alikunywa chai kando yake.

Ikafika siku akaenda Kampala kupasuliwa macho. Miezi miwili. Akaniambia, "Hii usipe maji mingi. Mara moja kwa mwezi, basi. Shida ikija, piga simu kwa binti yangu." Akabandika namba ukutani.

Nikabaki peke yangu. Ilikuwa kiangazi, vumbi linaingia kila fasi, nami sikuamini kuna kitu kinachoishi kwa kunywa mara moja kwa mwezi. Tena, nikuambie ukweli, nilitaka kitu cha kuhudumia. Nikaimwagilia kila asubuhi, nikiisalimia kwa Kifuliiru, lugha ya kwetu, kama ndugu yangu.

Juma la tatu, chini kwake kukawa kahawia, laini kama parachichi lililoiva sana. Niliitazama ile namba. Sikupiga. Niligeuza upande mbovu uelekee ukutani, nikaufunika kwa changarawe, nikaendelea kufagia.

Mzee alirudi na miwani myeusi, nikafikiri hataona. Aliketi kunywa chai, kisha akainamisha kichwa.

"Hii harufu natoka wapi?"

"Sijue, Mzee."

Alipitisha kidole polepole kati ya miiba mpaka chini. Kidole kikazama.

"Ilianza lini?"

"Juma ya tatu. Niliogopa utanifukuza."

Alikichomoa kidole, akakifuta. "Ungepiga simu siku ile, ningekuambia kata pale imeoza na kisu safi, kausha kidonda kwa kivuli, panda tena kwa mchanga mkavu. Mke wangu aliponya hii hivyo, mara moja. Maji, nilikukataza, ila hukujua yataiozesha. Lakini wiki tano wewe nafagia hapa, naona inakufa, nanyamaza!"

Tulijaribu. Mimi nilishika kwa magazeti, yeye akakata. Kila alipokata, ndani kulikuwa kahawia, mpaka juu kabisa. Akaweka kisu chini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Miezi ikapita, yeye anakunywa chai sebuleni, mimi jikoni, na hakuna anayesema neno. Mvua zilipoanza ndipo nikapata nguvu ya kumwomba msamaha. Akasema, "Lete kikombe chako, kaa." Asubuhi hiyo alinisimulia juu ya mke wake mpaka chai ikapoa. Mwaka uliofuata alihamia kwa binti yake, nasi hatukuonana tena.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifuga kaktasi, weka penye jua, katika chungu chenye matundu, na usiimwagilie kabla udongo haujakauka mpaka chini. Upweke wako usiufanye kipimo cha maji. Na ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyohiyo, maana bado kuna kinachoweza kuokolewa. Hasira yake itapita. Siku ulizonyamaza hazirudi.

Mungu akutangulie katika kila nyumba utakayoingia. Akupe kinywa chepesi cha kukiri, na asikose kukupa mtu wa kuketi naye.