Bundi wa Tangi Bovu na Afya ya Mama

Mama yangu ndiye mtu wa kwanza, kwa kadiri ninavyojua, kuchunguza maisha ya bundi akiwa amesimama juu ya kifuniko cha choo. Dirisha dogo la choo chetu, hapa Buruburu, linatazama tangi la maji lililotoboka juu ya paa la jirani, na humo ndimo bundi wawili walimotaga. Alifundisha bayolojia shule ya wasichana mpaka akastaafu. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe; yeye alinunua darubini. Kila jioni alijifungia chooni, na sisi wengine tukajifunza kubana mkojo kwa ajili ya sayansi.

Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa na haja na ndege hao, labda kuwarushia mawe. Mama alijua dume huleta panya saa ngapi na jike humnyang'anya vipi. Matonge ya manyoya na mifupa ambayo bundi hutapika aliyaokota chini ya ukuta, akayaloweka kwenye sufuria yangu ya kupikia githeri, kisha akayachambua kwa kibanio cha nyusi. Ile sufuria sikuidai tena. Watafiti wa mjini wakaanza kumpigia simu na kumwita daktari, naye hakuwasahihisha.

Shida ilikuwa mlio. Bundi hawa hukwaruza kama mtu anayeburuta karai kwenye saruji, na kila mtu hapa, awe kwao ni Murang'a au Machakos, anajua kwamba bundi akilia juu ya nyumba anaita mtu. Mke wa jirani alipolazwa hospitalini, koti yetu ikaitisha mkutano. Koti ndiyo hizi nyumba zetu zilizozunguka kiwanja kimoja, zenye geti moja na siri chache. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi vijana wapande juu na marungu, wamalize bundi pamoja na makinda wao.

Mama alikwenda mkutanoni na ushahidi. Alitandika gazeti mezani mbele ya mwenyekiti, dereva mstaafu anayeheshimika sana kanisani, akapanga mafuvu ya panya juu yake huku akieleza kwamba bundi ndio wanaotulindia unga wetu. Nilitamani ardhi inimeze. Watu hawakuona panya. Waliona mwanamke mzee anayeweka mifupa nyumbani. Mama mmoja wa kwaya alirudisha kiti chake nyuma. Kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Manze, huyu mathe ako na mafuvu," nikajua sasa hata paa letu haliko salama.

Mama akalikunja gazeti lake polepole.

"Mwenyekiti, kama anaita mtu, basi ananiita mimi. Hapa kuna aliyenizidi umri? Niachieni hao ndege mpaka makinda waruke. Nikiugua kabla ya hapo, pandeni mkawaue."

Utamkatalia vipi mtu mzima aliyejitolea kufa? Wakakubali, na baadhi yao walikubali haraka kiasi cha kuniudhi.

Tangu siku hiyo afya ya Mama ikawa mali ya koti. Wanawake waliozoea kumpita kwa salamu ya mbali sasa walimuuliza ameamkaje, na wakasimama kusikiliza jibu lote. Mwenyekiti alimkagua kama mtu anayenunua gari la mtumba.

Kisha Mama akashikwa na homa. Nilimpeleka kliniki ya Huruma, ambako hatujulikani, na askari wa getini nikamwambia tunakwenda kununua vitambaa. Dawa tulizirudisha nyumbani chini ya sukuma wiki. Jumapili alipaka rangi ya mdomo, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu, akaenda kuimba na kwaya. Kila kikohozi kilipopanda alikizima kwa "Amina" kubwa. Watu wakasema Mwalimu siku hizi ameguswa na Roho.

Nilicheka, lakini nilikuwa na hofu kubwa. Daktari alikuwa ametutahadharisha kuhusu mapafu yake. Nikamwambia Mama tukubali yaishe. Ndege wako tele, mama ninaye mmoja. Alikuwa juu ya kifuniko cha choo, amejifunika blanketi, darubini machoni.

"Wanajaribu mabawa," alisema. "Nishike tu nisianguke."

Nilikasirika, nikamshika. Nilimkumbatia kiunoni, joto lake likipenya blanketi, nikiwaombea ndege wa watu waruke upesi mama yangu akalale.

Waliruka Alhamisi, jua likizama. Kinda wa kwanza alitua vibaya kwenye kamba ya nguo ya mwenyekiti, akaning'inia kidogo karibu na suruali zake, kisha akajikokota hewani. Wa pili alivuka paa bila aibu yoyote. Watu wa koti walikuwa wamesimama nje wakitazama. Mama alishuka, akaenda chumbani kwake, akafungua dirisha lote, akajilaza, kisha akakohoa. Alikohoa vikohozi vyote alivyokuwa amevimeza kanisani, sokoni na getini, mpaka mbwa wa koti ya pili wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nikicheka na kulia kwa pamoja.

Mwenyekiti alikuja akasimama chini ya dirisha.

"Mwalimu," aliuliza, "hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Sasa hivi tu," Mama akamjibu.