Hatua za Pasi

Shangazi yangu ni dobi, na hajawahi kukubali kushindwa, iwe na doa la kutu au na mtu. Kabla ya korona alikuwa akipeleka nguo za wateja nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Watu walipokatazwa kutoka, kazi ikabaki makoti ya hospitali tu. Yaliletwa mlangoni, naye akayapiga pasi akiwa amekaa kwenye stuli. Ana kisukari, na vidole vya mguu wa kulia vilishaanza kufa ganzi. Daktari alimwambia waziwazi: asipotembea, mguu utakatwa.

Binti yake ni muuguzi, na miezi ile alikuwa akilala hukohuko kazini. Akamtumia saa ya kuhesabu hatua, akaiunganisha na simu yake ili kila jioni aone mama ametembea kiasi gani. Lengo lilikuwa hatua elfu sita. Siku ya kwanza tu, elfu tisa! Binti alilia kwa furaha. Shangazi akavimba kichwa, na kumbe safari yake ndefu ilikuwa ya chooni.

Wiki ya pili, akiwa amekaa palepale, mkono ukienda na kurudi juu ya koti, saa ikatetemeka kumpongeza. Akaitazama saa, akaitazama pasi, akanuna.

"Linahesabu mkono, dude hili."

Mimi niliyekuwa nikiishi naye nikacheka. "Nyamaza tu, shangazi. Dada asije akapata wasiwasi bure."

"Mguu ni wako?"

Niliona aibu kwelikweli.

Akaivua, akaifunga juu ya kifundo cha mguu, akaitupa stuli uani. Jioni hiyo alipata hatua mia nane na kumi na mbili. Simu ikalia hapohapo.

"Mama, unaumwa? Mbona zimeshuka hivi?"

"Siumwi. Zile zilikuwa za pasi. Hizi ndizo zangu."

Tangu siku hiyo, kila akimaliza koti moja, anaizunguka meza mara ishirini. Aliitukana saa, akaitukana meza, hata daktari hakupona, lakini hakukaa. Siku ya arobaini na moja zikafika elfu sita na nne. Alikuwa bado anazunguka, simu sikioni, akimringia binti yake, alipojigonga kidole kwenye mguu wa meza.

"Mamaaa!" akapiga yowe.

"Pole mama! Umeumia?"

Shangazi alisimama, akakiangalia kidole cha mguu wa kulia.

"Kinauma," alisema polepole. "Mwanangu, kinauma!"