Mgeni wa Upande wa Pili wa Meza

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yalinifika mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu, hapa hapa Diani, miaka ya tisini ikielekea ukingoni.

Nilikuwa na duka la meza za kale, nami nikiishi humo humo. Meza za kuandikia, zile za enzi za wakoloni, nilizozikuta zimetupwa katika stoo za maofisi na majumba yaliyohamwa. Nilizipiga msasa na kuzipaka mafuta mpaka mbao zikarudi kung'aa. Wazungu wenye majumba ufukweni Galu walikuwa wakizigombania. Mmoja atataka ile yenye kifuniko cha vibao kinachojiviringa kama jamvi, afungie makaratasi yake humo. Mwengine ataka ya safari, yenye pembe za shaba, ambayo mabwana shauri wa mkoloni wakiikongoa vipande wakabebewa porini. Mimi niliyoipenda ilikuwa moja tu: ya mbao ngumu ya msaji, pana kama kitanda, ina droo pande zote mbili, imetengenezwa ili makarani wawili wakae wakitazamana. Hiyo siuzi, hata uje na gunia la pesa. Marehemu mke wangu alikuwa akikaa upande wa pili tukila chakula cha jioni. Alipofariki, kiti chake nilikiacha pale pale.

Kisha zikazuka ghasia za kuwafukuza watu wa bara, watalii wakapotea, hoteli zikafungwa, majirani zangu wa bara wakafungasha wakaenda zao. Binti yangu Mwanasiti, aliyeolewa Matuga, kila akija wimbo ni ule ule: "Baba, twende ukakae nasi. Utakufa humu na mbao zako, wala mtu asijue."

"Niache na meza zangu, mwanangu," namwambia. Akishaondoka, nyumba inakuwa kimya hata paka wa jirani akipita nafurahi.

Basi jioni moja nimeshasali magharibi, nimetenga wali na samaki wa kupaka juu ya meza ile. Nawe wajua desturi yetu, mtu hali bila kukaribisha. Hata mpita njia humwambii karibu? Mdomo umeshazoea, nikakitazama kiti kitupu, nikasema, "Karibu tule."

"Ahsante, nishakaribia," ikaitikia sauti.

Wallahi, niamini. Mzee amekaa pale, kanzu safi, koti jeusi la makarani wa zamani, vidole vina madoa ya wino. Mlango sikuusikia. Niliogopa? Hata! Nilifurahi, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilikwenda kumletea sahani.

Akawa anaupapasa ubao kwa kiganja, ananisifu nilivyoutunza. Kisha akaniuliza habari za mke wangu. Nani mwengine alikuwa akiniuliza habari za mke wangu siku hizo? Nilizungumza mpaka koo likanikauka, naye anakula taratibu, na wali wake haupungui. Nikatamani kunawa. Lakini mwenyeji hanawi kabla ya mgeni, ukitangulia kunawa ni kama umemfukuza.

"Mzee wangu, umeshiba?"

"Bado," akasema kwa upole. "Wewe endelea."

Nikaendelea kumega. Tonge likaniponyoka, nikainama kuliokota. Upande wangu chini ya meza niliiona miguu yangu. Upande wake lilikuwako vumbi tupu, halijakanyagwa. Yarabi! Nikataka kusimama, nikajikuta nimekaa pale pale, mkono unamega. Nilipoinua uso alikuwa akinitazama kwa huruma.

"Umeshiba?" nikamuuliza, na machozi yananitoka.

"Bado."

Mara nikashikwa bega. "Baba! Baba wee!" Alikuwa Mwanasiti, analia, na jua la mchana limejaa dukani. "Jana nimebisha hodi mpaka nimechoka, nikadhani umesafiri. Leo nimevunja kitasa!" Wali mbele yangu ulikuwa umechacha, vidole vyangu vimegandwa na chakula. Sahani ya pili ilikuwa safi, ule wali usiopungua umeliwa wote, haikubaki hata punje.

Mwanangu akaninyanyua, akaniburura. Safari hii sikubisha. Tulipofika mlangoni nikaisikia ile sauti nyuma yangu, taratibu: "Sijashiba."

Sasa naishi Matuga. Duka nimelifunga, na meza imo ndani bado. Nala mkekani, wajukuu wamenibana huku na huku, kelele tele, na nyumba nzima wajua kwamba mbele yangu hapakai pengo. Mbona nahangaika hivyo? Kwa sababu nimeondoka nikamwacha mgeni mezani na njaa yake, na mwenyeji wake ni mimi.

Basi ukiwa peke yako, ndugu yangu, kula kimya. Na kama una mzazi anayekula peke yake, nenda ukakae kwenye kile kiti cha pili, leo hii, kabla hakijapata mtu.